Laxton: kijiji kinacholima ngwe bila ua

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Novemba, watu 12 wa kijiji cha Laxton, katika kaunti ya Nottinghamshire nchini Uingereza, hubeba nyundo na vigingi vya mti wakashuka kondeni. Ngano imeshapandwa, pengine imeanza kuchomoza. Wanachokwenda kukitafuta ni kitu kidogo: mfuo mmoja wa plau uliozidi. Mkulima aliyepitiliza akala ukingo wa njia au wa mtaro wa maji, hata kwa upana wa hatua moja, hupigiliwa kigingi pale ambapo plau yake ilipaswa kugeuka. Juma linalofuata baraza la kijiji hukaa kwenye baa ya Dovecote Inn, kosa linasomwa mbele ya majirani, na mwenye kosa anatozwa faini.

Faini yenyewe ni ndogo, haimfilisi mtu. Hata hivyo baraza hili, ambalo wenyewe huliita Court Leet, limekisimamia kilimo cha Laxton tangu enzi za makabaila wa kale, na sasa ndilo la mwisho katika Uingereza nzima linaloendelea kusimamia makonde ya wazi yaliyogawanywa ngwe kwa ngwe. Kwingine kote mfumo huo ulikwisha zamani. Watu wengi wakikisimulia kisa hiki hukisimulia kama hadithi ya wanakijiji waliopenda mila zao. Nikikitazama kwa karibu naona mambo mawili yasiyopendeza sana kusimulia: bahati ya ugomvi wa matajiri, na wakulima ambao karibu wote ni wapangaji.

Nianze na ardhi yenyewe. Laxton ina makonde matatu makubwa: Konde la Magharibi, Konde la Kinu na Konde la Kusini. Ndani ya konde hakuna ua wala waya wala mstari wa miti unaotenganisha eneo la huyu na la yule. Kila konde limekatwa vipande virefu vyembamba, na Kiswahili kina neno lake hasa kwa kitu hicho: ngwe, sehemu ya shamba anayopimiwa mtu alime. Mkulima mmoja ana ngwe kadhaa katika kila konde, zimetawanyika huku na huku, na pembeni ya kila ngwe yake kuna ya jirani.

Mzunguko ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza konde zima hupandwa ngano ya vuli, ile inayotiwa udongoni kabla ya baridi kali. Mwaka wa pili hupandwa mazao ya kutiwa mwezi wa tatu au wa nne, kama shayiri au maharage. Mwaka wa tatu konde hulazwa lipumzike, na zamani ndipo mifugo ya kijiji kizima ilipoachiwa kulisha humo, kondoo wa huyu na ng'ombe wa yule pamoja, huku samadi yao ikirudisha nguvu ya udongo. Kwa hiyo hakuna mkulima anayeamua peke yake apande nini kwenye ngwe yake. Ukiwa na ngwe kumi katika Konde la Kusini na mwaka huu konde hilo ni la kulala, zote kumi zinalala.

Kwa nini mtu akubali ardhi yake itapakae hivyo? Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, na si sehemu zote zinafanana. Kuna bonde linalotuama maji mwaka wa mvua nyingi, kuna mteremko unaokauka upesi. Mwenye shamba moja la pamoja akiangukia bondeni, mwaka mbaya unammaliza. Mwenye ngwe kila mahali hapati mavuno mengi ya ajabu mwaka wowote, lakini halali njaa pia. Mchaga mwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, juu mlimani na shamba jingine tambarare hahitaji kuelezwa hoja hii mara mbili.

Hata sura ya kijiji inatokana na mpangilio huu. Kwa vile ardhi ya mtu haiko mahali pamoja, hakukuwa na maana ya kujenga nyumba shambani. Nyumba za wakulima zimejipanga kando ya barabara ya kijiji pamoja na mabanda na maghala yao, karibu na kanisa la Mtakatifu Mikaeli, na kila asubuhi trekta zinatoka hapo kwenda pande zote. Kaskazini ya kanisa kuna kilima cha ngome ya zama za Wanormani, sasa ni nyasi tupu.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo siwezi kuliruka. Neno letu la ekari tulilichukua kwa Waingereza, na kwao asili yake ni shamba la namna hii. Ekari ya zamani ilikuwa eneo ambalo jozi za maksai zingeweza kulilima kwa siku moja, na umbo lake la kawaida halikuwa mraba: lilikuwa na urefu wa mita 201 na upana wa mita 20 tu. Urefu ule ni masafa ambayo maksai wangevuta plau kabla ya kupumzishwa, na wembamba ule ni kwa sababu kuwageuza maksai ni kazi, kwa hiyo unageuka mara chache iwezekanavyo. Kila anayepima shamba lake kwa ekari leo, Morogoro au Eldoret, anapima kwa pumzi za maksai wa Kiingereza.

Sasa turudi kwenye kigingi. Majaribu ya konde lisilo na ua ni madogo na ya kila siku. Tuseme ngwe yako imepakana kwa ubavu na njia ya pamoja, ile ya kupitishia trela. Unapolima, unaongeza sentimita 30 tu. Hakuna atakayeona. Katika mzunguko wa miaka mitatu unalima walau mara mbili, kwa hiyo miaka 12 ni mara nane, na tayari umesogea mita 2.4. Kama ubavu wa ngwe unaofuata njia una urefu wa mita 200, umejipatia karibu mita za mraba 500 ambazo si zako, na jirani yako wa mbele hana tena pa kupitisha trela. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na ajabu yake ni kwamba hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kukunyooshea kidole akasema leo umeiba.

Jopo la watu 12 limetengenezwa kwa ajili ya tatizo la namna hii hasa. Halikagui makonde yote matatu kila mwaka. Linakagua lile la ngano pekee, kwa sababu ndilo lililotoka kulala na kulimwa upya, na mstari wa plau mpya unaonekana wazi juu ya udongo. Kwa hiyo kila konde hupata zamu yake mara moja kwa miaka mitatu. Wakaguzi wanatazama ukingo wa njia, mitaro, na zile sehemu za majani katikati ya makonde ambazo ni chepechepe au zina mteremko usiolimika. Hizo wenyeji huziita sykes. Majani yake huuzwa kwa mnada kila mwaka, na kwa kuwa hazijawahi kuguswa na plau zimekuwa hifadhi ya maua ya porini inayolindwa kisheria. Mkulima akimega kipande cha syke amekula cha wote, na cha nyuki pia.

Wajumbe wa jopo ni wakulima wenyewe, na hapo ndipo nguvu ilipo. Hakuna bwana shamba kutoka wilayani wala mpimaji wa serikali. Anayekukagua ana ngwe mita chache kutoka kwako, anaujua udongo huo, anajua trekta yako inageuka vipi na anajua kisingizio gani ni cha kweli. Naye akisogeza mpaka, jopo halimfumbii macho kwa kuwa yumo ndani yake. Kazi ya asubuhi ikiisha wanakula chakula cha mchana pamoja. Ni vigumu kumwonea mtu ambaye utakaa naye meza moja saa sita, na ni vigumu zaidi kumdanganya.

Baraza lenyewe lina maofisa wake. Msimamizi ni mwanasheria anayekaa kwa niaba ya mwenye ardhi. Yuko hata mwenye cheo cha kushika mifugo iliyopotea na kuifungia kwenye zizi la kijiji mpaka mwenyewe aje kuikomboa. Wale wenye wajibu wa kuhudhuria wasiofika hutozwa peni chache. Mtu anaweza kucheka, lakini sheria haichekei. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipoziondolea nguvu karibu mahakama zote za aina hii, zikabaki za sherehe tu, ya Laxton iliachiwa mamlaka yake juu ya makonde.

Tuna bahati kwamba kijiji hiki kimeandikwa kuliko vijiji vingi. Mwaka 1635 mfanyabiashara wa London, Sir William Courten, aliyekuwa ameinunua Laxton, alimwajiri mpimaji aitwaye Mark Pierce achore ramani ya kila ngwe pamoja na daftari la nani anashika nini na ukubwa gani. Courten hakuwa mtu wa kijijini. Fedha zake ndizo zilizopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Alitaka kujua mali yake inamlipa kiasi gani, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye hakutaka ipotee. Ramani hiyo sasa iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na ukiitazama vizuri utaona Pierce hakuridhika na mistari: alichora pia vijitu vinavyolima na kuvuna ndani ya makonde. Kwa sababu ya ramani hiyo tunajua makonde yalikuwa manne wakati ule. La Mashariki lilimegwa baadaye likazungushiwa ua. Mfumo unaoonekana leo ni mabaki, si kitu kilichohifadhiwa kizima kama samaki kwenye barafu. Mwanzoni mwa karne ya 20 pia ngwe ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi.

Kwa nini mabaki haya yapo Laxton, na vijiji jirani havina hata alama? Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za pamoja, ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England. Utaratibu ulikuwa mmoja: wenye ardhi wakubwa wa eneo walipeleka ombi bungeni, makamishna wakaja, ngwe zikafutwa, kila mwenye haki ya maandishi akapewa kipande kimoja cha pamoja azungushie ua. Aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja kwa mazoea tu, bila karatasi, mara nyingi aliambulia patupu. Mkulima mdogo aliyepata kipande chake alitakiwa kulipia ua, wapimaji na mawakili, na wengi waliishia kumwuzia mkubwa.

Laxton nayo ilikuwa kwenye foleni hiyo. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walipata cheo cha Earl Manvers, na nyingine ilikuwa ya Earl wa Scarbrough. Ili konde lifutwe, wakubwa hawa wawili walihitaji kukubaliana wabadilishane nini kwa nini, na nani alipe kiasi gani. Hawakufikia mahali. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndivyo tunavyosema, lakini Laxton nyasi zilineemeka. Kufikia wakati ambapo kikwazo hicho hakikuwa na uzito tena, shamba la ngwe lilikuwa limeshakuwa kioja cha kihistoria, na wasomi wakaanza kuja kulitazama. C. S. Orwin na mkewe, wa Oxford, walichapisha uchunguzi wao juu ya kijiji hicho mwaka 1938, na jina la Laxton likawa maarufu.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nikiandike kisa hiki kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wa kurithi cheo, aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza. Wizara ilinunua ili mfumo usife. Yaani serikali ilitoa fedha za umma kulinda ngwe zilizotawanyika, haki za malisho ya pamoja na baraza la wakulima wenyewe.

Oktoba ya mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Miaka miwili baadaye, 1954, Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo katika serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alitoa mpango wake wa kilimo cha Waafrika. Moja ya nguzo zake ilikuwa kwamba vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilikuwa kizuizi cha maendeleo: vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja, lipimwe, lisajiliwe, apewe hati. Kiambu, Murang'a na Nyeri kazi ikafanyika haraka, wakati maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini, hawapo kusema kipande kile cha bondeni kilikuwa cha nani. Mkulima wa Kikuyu aliyekuwa na kipande mgongoni mwa kilima na kingine karibu na mto alikuwa akifanya hesabu ileile ya mkulima wa Laxton. Mmoja akaitwa urithi wa taifa, mwingine akaitwa tatizo la kilimo. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa ofisini London akaziweka karatasi hizo mbili meza moja. Zilipita katika wizara tofauti. Lakini dola ilikuwa moja.

Siwezi kusema kwamba Laxton ilithibitisha Swynnerton alikosea kila kitu. Kahawa iliyoruhusiwa Waafrika walime iliingiza fedha nyingi katika nyumba nyingi, na mpango ule ulisaidia. Laxton inathibitisha jambo dogo zaidi, kwamba kutawanyika kwa vipande peke yake si ugonjwa. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabayolojia wa Marekani, alidai kwamba malisho ya pamoja lazima yaharibike kwa sababu kila mtu ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Malisho aliyoyawazia hayakuwa na jopo, vigingi wala baraza. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba malisho halisi mara nyingi huwa navyo.

Lakini baraza la Laxton lina udhaifu mmoja ambao kigingi hakiwezi kuutibu. Linaweza kumzuia mkulima asimege njia. Haliwezi kumzuia mwenye ardhi asiuze kijiji. Wizara ya Kilimo yenyewe ilichoka, na mwaka 1981 Laxton ikahamishiwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Taji la Uingereza, kwa ahadi ya kuendeleza makonde. Mwaka 2018 Crown Estate nayo ikatangaza kuuza. Fikiria hali ya mkulima pale: ngwe zako umezilima maisha yako yote, umekaa kwenye jopo, umepiga vigingi na umepigiwa, halafu unasubiri kusikia mnunuzi ni nani na kama anajua maana ya konde la kulala. Ngwe moja peke yake haina faida kubwa sokoni. Mnunuzi mwenye tamaa angeweza kuacha kila shamba linapobaki wazi lisipate mpangaji mpya, mpaka jopo likose watu.

Mwaka 2020 mnunuzi alijulikana: Thoresby Estate, mali ya ukoo uleule wa Pierrepont uliouza mwaka 1952. Ardhi ilizunguka kwa mikono ya serikali miaka 68 ikarudi ilikotoka. Wanakijiji wengi waliona ni afadhali, maana ukoo ule unakijua kijiji. Mimi naona afadhali hiyo ni ya kweli, na naona pia kwamba mara tatu hatima ya mfumo huu unaosifiwa kama demokrasia ya wakulima imeamuliwa na watu wasiolima ngwe hata moja.

Na kwa mkulima mwenyewe, ngwe si kazi ya kitajiri. Mashine za kisasa zimetengenezwa kwa mashamba makubwa ya mraba. Kwenye ngwe unageuka mara nyingi na kupoteza muda ukihama kutoka kipande hiki kwenda kile, nusu ya safari trela iko barabarani. Konde la kulala halikuletei ngano mwaka huo, ingawa siku hizi laweza kupandwa majani ya mifugo. Ndiyo maana kila mkulima wa Laxton anashika pia mashamba yaliyozungushiwa ua nje ya makonde, ambako anafuga na kulima apendavyo. Ngwe peke yake zisingemlisha. Wakazi wengi wa leo hawalimi kabisa, wanaishi hapo tu, na mzigo wa kuendesha mfumo unabebwa na familia chache. Ukipungukiwa na watu watatu au wanne wanaojua kazi, jopo la 12 linakuwa gumu kujaza.

Pamoja na hayo, mwezi wa Desemba baraza linakaa. Jopo la mwaka linatoa taarifa ya vigingi lilivyopiga, faini zinalipwa, kisha msimamizi anawaapisha watu 12 wa jopo jipya. Mwaka unaofuata ngano inahamia konde jingine, na nyundo inahamia huko huko.